Mukene wetu mbona mmemsahau?

Mhariri,

Mimi msomaji wenu wa hapa Jinja, Uganda. Ile makala yenu ya afya ya juzi, ya mafuta mazuri mwilini, nimeisoma mara mbili, sababu mwaka jana daktari aliniambia presha iko juu, nikarudi nyumbani nikakata mafuta yote, mpaka mke wangu akawa anachemsha kila kitu kama tuko wodini. Kumbe si hivyo. Mwili unataka mafuta, na mengine kama omega-3 hauwezi kujitengenezea, lazima uyale. Shida ni yale ya kuganda ya kopo, na yale meusi ya chipsi yanayorudiwa wiki nzima. Hapo mlisema vizuri sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwa samaki. Mmetuambia tule salmoni wa Norwe, na tutafute nembo ya bluu ya MSC kwenye pakiti ili tujue amevuliwa bila kumaliza bahari. Sasa jamani, salmoni wa Norwe karibu wote wanafugwa kwenye vizimba baharini, na hiyo nembo ya bluu ni ya samaki wa kuvuliwa, wa kufugwa wana yao nyingine ya ASC. Mtu akienda supamaketi na gazeti lenu mkononi atarudi kachanganyikiwa na mfuko umetoboka.

Na ziwa Viktoria hili hapa mlangoni! Mukene mmemwacha wapi? Watanzania wanamwita dagaa, Wakenya omena, samaki mwenyewe hata kidole hafiki, unamla mzima na kichwa na mifupa yake, omega-3 unapata, kalsiamu unapata, tena anazaana haraka, si kama mputa (sangara) anayetaka miaka kukua. Ngege, yaani sato, tunampenda sote (mimi simwachi) lakini kwa mafuta ngege hana kitu, ni utamu tu. Halafu mukene mwingi unaenda wapi? Kwa kuku! Anasagwa chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa, sisi tunakuja kununua yai.

Sababu kubwa ni mchanga. Juzi sokoni nimeinama kwenye fungu moja la bei rahisi, mama akanishika mkono, "Mzee, hao si wa watu, hao ni wa kuku." Nikatafuna mmoja hivyo hivyo mkavu, nikasikia kokoto kwenye meno krr. Hao walianikwa chini ufukweni. Akafunua gunia la pili, weupe wanang'aa kama sindano, wameanikwa juu ya chanja, kikombe bei imepanda kidogo tu. Nyumbani tukawaosha kwa maji ya moto, kitunguu, nyanya, halafu binyebwa (mchuzi wa karanga) juu, na karanga nazo zina mafuta mazuri, ilimradi hazina ukungu. Watoto walilamba sahani. Sasa hizo chanja ndizo mngeandika, nani anawapa akina mama wavu na miti ya kuzijengea, kuliko habari za Norwe.

Sisemi mukene hana kasoro. Kuna uvuvi wanauita hariyapu, mtumbwi unatembea na wavu, unabeba na vitoto vya mputa na ngege humo humo, na ndiyo ugomvi usioisha wa wavuvi na jeshi lililopelekwa ziwani 2017. Kila mtu analaumu mvuvi au analaumu askari, na sisi wanunuzi je? Yule mputa wa kiganja anayeuzwa jioni barabarani amefungwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), nani anamnunua kama si mimi na wewe? Sheria inasema mputa asipungue inchi 20, ngege inchi 11. Inchi 11 ni kama sentimita 28, yaani rula ya shule inatosha kabisa.

Basi mimi nikaichukua ya binti yangu wa P.4 (darasa la nne) nikaenda nayo sokoni. Nimemlaza ngege wa kwanza napima kutoka mdomo hadi mkia, wale akina mama wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, "Ssebo, umekuja kununua samaki ama kumshonea suti?" Alifika sentimita 24. Wa pili 25. Wa tatu yule mama mwenyewe akaingia chini ya meza akanitolea mkubwa, 31, bila hata kuambiwa, na bei akanipunguzia eti kwa kumchekesha.

Rula nimeirudisha kwenye begi la shule. Binti yangu anasema inanuka, anataka mpya.

Msomaji wenu,
Jinja