Mtoto wa mbwa na usingizi wa usiku

Mama Neema mpendwa,

Salamu sana, na poleni kwa kukesha na huyo mtoto wenu mpya wa mbwa anayelia usiku. Mtoto wa mbwa wa wiki nane akilia usiku si ukorofi. Alizoea kulala amebanana na ndugu zake kwenye joto la mama yao, na kibofu chake hakiwezi kubana mkojo hadi asubuhi. Hayo ni mambo mawili, kila moja na dawa yake.

Saa ndiyo itakayokwambia ni lipi. Akianza kulia dakika tano tu baada ya kuwekwa, na ameshakojoa, huo ni upweke. Akilala fofofo muda wa saa tatu hivi, kisha akaanza kunung'unika na kuzungukazunguka, anataka kutoka. Wa upweke unambembeleza palepale alipo. Wa mkojo unamtoa upesi, maana mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala, na akilazimika kulalia mkojo mara kwa mara ataizoea hali hiyo, nawe utakuwa huna tena pa kumshikia.

Kwa hiyo kizimba cha kumlaza kiwe kidogo: asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, ajinyooshe, basi. Kwa mbwa wa kienyeji wa umri huo, sentimita 60 kwa 45 zinatosha. Kama fundi ameshatengeneza kikubwa, zuieni nyuma kwa ubao na muusogeze kadiri anavyokua. Kikiwa kipana atalala kona hii na kukojoa kona ile.

Kiwekeni ndani, kando ya kitanda, kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Najua kwetu mbwa ni wa nje, na bandani atakwenda. Ila kwa sasa huko kuna baridi na kupe, na mvua zikianza kuna siafu. Mtoto aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Akilia kwa upweke teremsha mkono anuse vidole vyako, bila kuwasha taa wala kuongea. Ombeni mlikomchukua kipande cha kitambaa alicholalia mama yake, mkitandike humo bila kukifua.

Mlo wa mwisho uwe saa kumi na mbili jioni kama mnalala saa nne. Maji yaondolewe saa mbili usiku, ila siku ya joto kali mwachieni kidogo. Yale maziwa ya ng'ombe mnayompa ili ashibe alale, acheni: watoto wengi wa mbwa huwaharisha. Ugali laini na mchuzi wa dagaa usio na chumvi wala kitunguu unamtosha hadi mpate chakula chake maalumu.

Sasa kubwa kuliko yote: usingoje alie. Tega simu saa saba na saa kumi, umwamshe wewe. Mbebe, usimwache atembee, la sivyo atakojoa ukumbini kabla hamjafika mlangoni. Mpeleke mahali palepale kila mara, ndani ya uzio wenu kwa kuwa chanjo hazijakamilika, usimame kimya dakika tano. Akimaliza, msifu kwa sauti ya chini na kumrudisha. Ukicheza naye saa saba, kesho ataamka saa hiyo akidai mchezo. Asipokojoa, mrudishe, ngoja robo saa, mtoe tena.

Akikaa mkavu usiku tatu mfululizo, sogeza kengele ya kwanza mbele nusu saa, na uendelee hivyo mpaka ya pili haihitajiki. Akilowesha, rudi nyuma hatua moja. Wengi wakifika miezi minne hulala tangu saa nne hadi alfajiri.

Adhana itamwamsha, na majogoo ya jirani pia. Mtoe haraka na umrudishe kizimbani, lakini usimpe chakula hapohapo, maana ataunganisha adhana na bakuli na hutalala tena saa hizo.

Akichafua, pigeni deki kwa sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji. Dawa zenye amonia hunuka kama mkojo na humwita arudie. Msimpige wala kumsugua pua: atakachojifunza ni kujificha, akojoe nyuma ya kochi, na nje agome mbele yako.

Aliyekuwa mkavu akianza ghafla kuamka kila saa, mtazameni viroboto, na muulizeni daktari wa mifugo kuhusu mkojo. Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili hadi wiki ya 12. Akitapika, akaharisha damu na kukataa chakula, inaweza kuwa parvo, ugonjwa hatari wa virusi vya mbwa. Mpigieni daktari usiku huohuo.

Dada wa kazi naye aelezwe haya yote, asije akamrushia kipande cha mkate saa tano ili anyamaze. Na kengele ya saa kumi mpe Baba Neema. Si ndiye aliyemleta?

Wasalimie watoto.

Wako,
Mama Jose