Barua kwa Neema, kabla hujapanda ndege

Eyam, Derbyshire, Uingereza
Septemba 2025

Mwanangu Neema,

Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu Jumatatu. Naandika barua kwa sababu kwenye simu nikifika pale pale pa safari yako unasema mtandao unasumbua. Mtandao huo huo haujawahi kusumbua siku unayoomba hela.

Ile taarifa nimeisoma mpaka naikariri. Tarehe 4 mwezi huu Kongo wametangaza Ebola huko Kasai, upande wa Bulape. Wanaoshukiwa 28, waliokufa 15, na katika hao 15 wanne ni wahudumu wa afya. Hapo kwenye wanne ndipo jicho langu linapokwama. Wanne hao walivaa glavu kama utakazovaa wewe, na walikuwa na mama zao.

Sikukatazi kwenda kuwahudumia. Nilivyomsikia Bibi akiwatangazia majirani pale Muheza kwamba mjukuu wake amechaguliwa, hata mimi huku nilinyoosha mgongo. Ninachotaka ni kimoja tu: ukisikia homa, sema. Sema siku hiyo hiyo, kwa wakubwa zako kwanza, halafu kwangu. Usinifiche.

Umekuwa ukiniuliza kijiji hiki kina nini hata nisihamie Sheffield walipo Watanzania wenzangu. Nilikuwa nakujibu habari ya kazi, kwamba bibi ninayemtunza hawezi kubaki peke yake. Ni kweli. Lakini kuna jambo sikuwahi kukusimulia, kwa kuwa Bibi angelisikia angeniita nirudi kesho yake. Hiki ni kijiji cha tauni. Wanaandika Eyam, wanatamka Iim.

Mwaka 1665 mshonaji wa hapa aliletewa vitambaa kutoka London, ambako tauni ilikuwa inaua watu. Inasimuliwa kwamba mzigo ulifika na unyevu, msaidizi wake George Viccars akavianika mbele ya moto, na viroboto waliokuwamo wakapata joto. Tarehe 7 Septemba alizikwa. Nyumba zile zipo hadi leo kando ya kanisa, na ukutani wameweka vibao vyenye majina ya waliofia humo. Napita hapo kila asubuhi nikienda kununua maziwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasoma majina, siku hizi natazama mbele.

Baridi ilipoingia ugonjwa ulipungua, kisha kiangazi cha 1666 ukarudi kwa nguvu. Padri wao, William Mompesson, alikuwa hajafikisha miaka thelathini, yaani karibu na umri wako. Watu hawakumpenda sana, maana alikuwa mgeni. Waliyempenda ni Thomas Stanley, padri wa zamani aliyekuwa ameondolewa kazini kwa sababu ya misimamo yake ya dini. Wale wawili hawakuwa wa kukaa meza moja, lakini walikaa. Wakakubaliana na wanakijiji: hakuna atakayetoka, kila familia izike watu wake yenyewe, na ibada ifanyike nje bondeni, watu wasimame mbali mbali. Chakula kiliachwa mpakani na watu wa vijiji jirani, na tajiri wa jumba la Chatsworth alisaidia. Wao walilipa kwa sarafu walizozitia kwenye siki ili kuondoa ugonjwa. Jiwe la mpaka bado lipo njia ya kwenda Stoney Middleton, lina matundu walimoweka sarafu, kidole chako kinaingia. Mimi nimeingiza changu. Kingo zake zimelainika kama kinu cha zamani.

Hesabu inayotajwa ya waliokufa ni watu 260, mpaka mwisho wake Novemba 1666.

Sasa, watalii wakija hapa wanasema, ah, watu hawa walikuwa mashujaa. Na mimi nasema hivyo hivyo wakiniuliza. Lakini kuna kitu huwa sisemi mbele yao: wenye uwezo walikwisha kuondoka mapema. Waliobaki wengi wao hawakuwa na pa kwenda. Na jambo jingine, hawa walijifungia ndani na ugonjwa uliokwishawafikia. Wewe uko salama Dar, unapanda ndege kuufuata. Sikulaumu. Nasema tu.

Juu ya kilima, nje kidogo ya kijiji, kuna makaburi ya watu wa nyumba moja yamezungushiwa ukuta wa mawe. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wake sita, Agosti 1666, ndani ya siku nane. Aliwachimbia mwenyewe, akawaburuta mwenyewe. Alikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa amekwenda kujifunza kazi Sheffield, na baada ya hayo yote akaenda kwake. Nimefika pale mara tatu, na mara zote tatu sikumfikiria Elizabeth, nilimfikiria yule kijana wa Sheffield. Yeye alijua lini? Nani alimwambia?

Ndiyo maana nakwambia usinifiche.

Mwaka huu nilishiriki kupamba visima. Hiyo ni mila ya Derbyshire: wanachukua mbao kubwa, wanaziloweka, wanazijaza udongo wa mfinyanzi uliokandwa na chumvi usikauke upesi. Juu yake wanatandaza karatasi yenye mchoro na kuutoboa kwa sindano, wakiondoa karatasi mchoro unabaki kwenye udongo. Halafu kazi yenyewe: unabandika ua petali moja moja, ukianzia chini kupanda juu, petali ilalie petali kama vigae vya paa, mvua iteleze. Mkono wangu uliozoea kusuka ukili ulielewa haraka, mama mmoja akaniuliza kama kwetu tunapamba visima. Nikamwambia kwetu kisima tukikipata tunakichota. Walicheka sana. Bibi yangu wa hapa alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu akinisahihisha, maana yeye ameifanya kazi hiyo tangu utotoni na petali yangu ikipinda anaiona kutoka ng'ambo ya chumba. Jumapili ya mwisho ya Agosti wakaenda kwa maandamano mpaka bondeni, mahali pale pale pa ibada ya 1666, wakaimba. Nyimbo zao nyingi nazijua kwa Kiswahili, tulizikuta kanisani Magila. Niliimba zangu kwa sauti ya chini.

Mompesson naye aliwaondoa watoto wake kabla njia hazijafungwa, akawapeleka Yorkshire. Mkewe Catherine alikataa kuondoka, akafa, akazikwa tarehe 25 Agosti 1666. Hakuna hapa anayemlaumu padri kwa kuwatoa wale watoto. Nilimuuliza bibi yangu kama watoto wenyewe hawakumlaumu. Akasema hilo hakuna aliyeliandika. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja nilipokuacha kwa Bibi, nikasema miaka miwili. Haya, tuendelee.

Ile wiki ya Aprili 2020 niliyokwambia simu imeanguka chooni. Simu haikuanguka. Nilikuwa chumba cha juu na korona, nahesabu pumzi, na sahani ya chakula inawekwa nje ya mlango. Wewe ulikuwa na mitihani mbele yako. Usiniambie sasa hivi kwamba mama nawe ulificha. Najua. Kwa hiyo najua vizuri mtu anavyojifariji, anavyosema kesho nitakuwa nafuu, kwa nini niwatie hofu.

Umesema chanjo ipo na utachanjwa. Usiende siku ya pili yake kwa haraka za wakubwa zako, subiri siku kumi zitimie ndipo mwili uwe umejikinga. Ukirudi, zile siku 21 za kujiangalia kama una homa zihesabu zote, hata kama kuna harusi. Usinywe kahawa usiku. Kule Kasai wanazungumza Tshiluba, Kiswahili chako cha Tanga hakitakufikisha mbali, kwa hiyo jifunze angalau maneno ya "pole" na "wapi panauma" kabla hujafunikwa uso wote. Na mtu akikwambia shujaa, mshukuru uende zako ukanawe mikono. Wewe tangu mdogo ukisifiwa unasahau kula.

Mambo ya nyumbani. Nimetuma hela ya bati mbili za upande wa stoo, nimempa yule binamu yako. Muulize risiti, usimwachie Bibi aulize kwa sababu atampa na chai juu. Dawa ya presha ya Bibi imebaki ya wiki moja tu. Kabla ya kuondoka mnunulie ya miezi miwili, umwandikie kwa herufi kubwa asubuhi ni kipi na jioni ni kipi, kwa sababu anakula vyote pamoja akiwahi kipindi cha redio. Machungwa ya mwaka huu msimuuzie yule wa mwaka jana, bado ana deni la magunia matatu. Na ule mti ulioegemea choo ukatwe, nimesema tangu Pasaka.

Sweta ya kijani nimemaliza mkono mmoja. Huko unakokwenda ni joto, najua, lakini nimeshaanza.

Namba yangu iandike kwenye karatasi uiweke na pasipoti, siyo kwenye simu tu, simu huzimika. Mimi ya kwangu haitaanguka popote. Hata saa tisa ya usiku wa huku, piga.

Mama yako