Barua ya wazi kwa mdogo wangu: acha kutafuta dawa ya kufunga tumbo, shika kijiko

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa usiku nimeusoma. Mtoto alianza kwa kutapika, homa ikapanda, kisha akaanza kuhara maji matupu, na kliniki wamekwambia ni virusi vya rota. Sasa unataka antibayotiki ya kumkausha haraka. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza.

Hakuna. Antibayotiki haivigusi virusi. Hivi vya rota huharibu chembe za ukuta wa utumbo mwembamba, zile zinazofyonza maji na chakula, na mpaka chembe mpya ziote, maji yanapita tu. Ni siku 3 hadi 8 hivi. Dawa za kufunga tumbo ndiyo kabisa usimpe mtoto mdogo. Zina hatari zake na virusi vinabaki palepale.

Kinachoua ni kuishiwa maji, na hapo ndipo kazi yako ilipo. Pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ikiandikwa lita 1, pima lita 1 ya maji safi, usikisie. Ikiwa nzito chumvi inamzidi, ikiwa nyepesi haimsaidii. Kwa umri wake, chini ya miaka 2, ni mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Utaniambia anatapika yote. Virusi humtapisha, na kwa kuwa ana kiu anagugumia, basi anatapika zaidi. Mnyang'anye kikombe, akilia mwache alie, umpe kijiko cha chai kimoja, ungoje kidogo, umpe kingine. Akitapika, pumzika dakika 10, anza tena polepole zaidi. Inachosha, na utaona kama kikombe hakipungui. Lakini piga hesabu: kijiko cha chai ni mililita 5. Kimoja kila dakika 2, kwa saa moja ni mililita 150. Hiyo ni dawa, na hakuna sindano niliyo tayari kukushauri uibadilishe nayo akiwa bado anaweza kunywa.

Ziwa usimnyime. Soda na juisi weka mbali, sukari yake huvuta maji zaidi utumboni. Zinki mpe kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kutakoma kesho. Wengi huiacha hapo.

Mfinye ngozi ya tumbo taratibu, uiachie. Ikirudi polepole, au macho yamedidimia, analia bila machozi, nepi imekaa kavu saa nyingi, nenda hospitali. Akilegea, akishindwa kunywa au kinyesi kikiwa na damu, usingoje hata kupambazuke.

Halafu hili la meno, kwamba kuota meno ndiko kunakomharisha: si kweli. Kila mtoto wa umri huo anaota meno, ndiyo maana lawama huyaangukia. Wala usijilaumu kwamba nyumba yako ni chafu. Mwanasayansi Ruth Bishop na wenzake walipovigundua virusi hivi mwaka 1973, ilikuwa Melbourne, jiji la nchi tajiri ya Australia, kwenye utumbo wa watoto waliolazwa huko. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani aliambukizwa kabla ya kutimiza miaka 5. Nawa mikono kwa sabuni kila ukibadilisha nepi, maana virusi vichache tu vinatosha kumwambukiza mwingine, na kinyesi huendelea kuvitoa hata baada ya tumbo kutulia. Ila usitegemee usafi peke yake.

Huyo uliye na mimba yake, akifikisha wiki 6 apelekwe kupata chanjo ya rota. Ni matone ya mdomoni, na Shirika la Afya Duniani limependekeza nchi zote ziitoe tangu 2009. Aliyechanjwa anaweza bado kuharisha, ila mara nyingi hafikii kulazwa. Dozi ya kwanza usiicheleweshe, kwa sababu chanjo hii ina mwisho wa umri, na muuguzi akikuta umepita hatampa.

Dada yako