Wifi, ule wimbo wa Hana sikuuchagua mimi

Wifi yangu, simu hupokei, meseji unasoma unakaa kimya, basi naandika hapa, najua watu watakuonesha tu.

Tuanze na ule mkeka. Matanga ya mama, siku ya pili, nimempakata mwanao kalala zake, ukaja ukamtoa mapajani kwangu mbele ya kina mama wote ukasema mpeni mtu anayejua mtoto. Nikainuka nikaenda kuosha masufuria. Miaka kumi na moja natafuta mtoto wifi. Usiku kaka yako akaniambia eti kwani mimi sikutoshi? Elkana mtupu, yule mume wa Hana kwenye Biblia, na yeye alijiona bora kuliko watoto kumi, wanaume bwana.

Halafu Mungu akanikumbuka, na wewe mambo yakakuendea kombo, ukaja na mabegi nikakupokea, hilo husemi. Nimekupikia, nimelipa ada. Sasa Jumapili ya akina mama nikapangiwa kusoma 1 Samweli 2, ule wimbo wa Hana baada ya kupata mtoto, NIKAPANGIWA, sijaandika mimi kwamba walioshiba wamejikodisha wapate chakula na mwenye wana wengi amedhoofika. Sawa, pale kwenye wana wengi niliinua macho. Kidogo tu. Lakini Hana kachokozwa na mke mwenzake Penina, mwenye watoto, mwaka hadi mwaka, kila wakipanda Shilo kuabudu analia hata chakula hali, akiomba kuhani Eli anadhani kalewa, mtu kama huyo akiimba kwa sauti utamlaumu? Na hao saba wa kwenye wimbo, aliyekuwa tasa amezaa saba, Hana mwenyewe wala hakuwafikisha, Samweli na wengine wa kiume watatu na wa kike wawili, basi.

Ukaondoka hata kuaga hakuna, ukanitumia kitu kimoja: Waamuzi 8. Nikafungua. Gideoni, yule aliyekuwa anapura ngano kwa kujificha kwenye shinikizo la zabibu, Mungu akampunguzia jeshi toka 32,000 mpaka 300 ili wasije wakajisifu, huyohuyo akarudi mji wa Sukothi kuwaadhibu wazee kwa miiba kisa walimnyima mkate. Umenichoma wifi. Ila mimi sijamchapa mtu, nimesoma tu. Na wale wa Sukothi mkate walimnyima kweli.

Yule wa mkekani anaiba simu yako ananipigia, usimgombeze. Juzi kaniuliza anti, umegombana na mama? Nikasema mama ana kazi nyingi. Mabegi yako mawili bado yapo chumbani, sijayagusa, isipokuwa ile khanga ya marehemu mama, nimeifua nimeikunja.