YAH: KUFUNGIWA SIMU NILIYOKWISHA KUILIPA

Tandika, Dar es Salaam
9 Aprili 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Salaam. Natumaini kazi zinakwenda vizuri huko kwenu. Zangu zimesimama, na nitakueleza kwa nini.

Nilimaliza deni lenu la simu ya mkopo Ijumaa ya tarehe 14 Machi. Kianzio kilikuwa shilingi 80,000, kisha 1,600 kila siku kwa siku 365. Jumla 664,000, na hata nilipolazwa nilimtuma binti yangu alipe. Ujumbe wenu wa hongera niliupata siku ileile. Simu ikishalipwa inatakiwa ifanyiwe nini, mnajua. Mkataba mliuandika wenyewe.

Siku nane baadaye, Jumamosi usiku, simu ikajifunga. Kioo kizima maandishi kwamba nadaiwa. Haipigi, haifungui WhatsApp, haitoi hata picha. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani na mimi ni mpishi wa keki. Oda zote za Idi zilikuwa humo.

Jumatatu nikaja dukani kwenu. Kijana wa kaunta hakunipa hata shikamoo, nikanyamaza. Nikamwambia, mwanangu, hii nimemaliza kuilipa. Akaichukua, akainyanyua juu ili foleni nzima isome yale maandishi, akasema kwa sauti: "Mama, hakuna mdaiwa anayekuja hapa akakubali anadaiwa." Watu wakacheka. Kisha, bila kuniuliza neno, akabana kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, akafuta kila kitu kilichokuwamo.

Mpwa wangu ni fundi simu Kariakoo na amenifafanulia. Programu yenu ya kufunga simu haiondoki kwa kufuta. Imesajiliwa kwenye mfumo wenu kwa namba ya IMEI, zile tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#. Simu ikipata intaneti tu, programu inajirudisha. Dawa yake ni mtu mmoja wa ofisini kwenu kuandika kwenye mfumo kwamba nimemaliza. Basi yule kijana alifuta ili iweje? Tena kufuta kwa vitufe kunaamsha ulinzi wa Google, simu inadai akaunti iliyokuwamo mwanzo. Akaunti hiyo nilifunguliwa na wakala wenu siku ya kununua, na nenosiri sijawahi kulijua. Kwa hiyo sasa nina kufuli mbili. Yenu, na ya Google juu yake.

Na ujumbe wa malipo, ambao ndio ulikuwa ushahidi wangu, ulifutika papo hapo. Nimelazimika kwenda mtandao wa simu kuomba taarifa ya miamala ya mwaka mzima. Nakala naiambatanisha. Ihesabuni.

Lakini narudi pale kaunta, maana halinitoki. Nilikuwa na swaumu. Nimesimama saa nzima na nusu. Nyuma yangu alikuwapo mteja wangu, mama aliyenipa kianzio cha keki ya ghorofa mbili ya harusi ya baada ya Idi. Kijana alipoinyanyua simu, niliona macho ya yule mama yakisoma. Alipomaliza kuifuta akanisukumia mezani, akasema, "Kalipe, ndio urudi," akamwita anayefuata. Jioni yule mama alimtuma mtoto kudai kianzio chake. Nikamrudishia. Ningemwambia nini?

Hapo kabla, Jumapili, nilipiga namba yenu ya huduma mara nne kwa simu ya jirani. Mara ya tatu niliambiwa "mfumo unasoma umelipa". Kama mfumo unasoma, nani alifunga?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo mawili tu: simu ifunguliwe, na nipewe barua ya kumaliza deni. Sasa naona ni kidogo. Nataka pia fidia ya oda tisa za Idi, shilingi 315,000, na yule kijana aniombe radhi palepale kaunta, mbele ya watu. Simu yenyewe ikishindikana kufunguka, nirudishiwe 664,000 zangu zote, maana nimelipia tofali.

Mna siku saba tangu kuipokea barua hii. Zikipita, nakala inakwenda Tume ya Ushindani, na nyingine Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iwasomee sheria ya mwaka 2022 kuhusu kutangaza deni la mtu hadharani, tena deni lisilokuwepo, na kufuta taarifa zake bila ridhaa. Na kila siku ya Mungu nitakaa kwenye ngazi za duka lenu na simu hii mkononi, nimwoneshe kila anayeingia kukopa.

Msinipigie, mnajua simu iko katika hali gani. Nijibuni kwa maandishi, barua iachwe kwa wakala wenu wa Tandika sokoni. Ananifahamu, ndiye aliyeniuzia.

Wenu,
Mama Keki
(sahihi)