Mwanangu, jeki si ya kuiamini

Chake Chake, Jumatano

Mwanangu Asha,

Assalamu alaykum. Simu ilikatika jana kabla sijamaliza, ingawa kwa ubishi wako nisingemaliza hata isingekatika. Nimeshika mawili: fundi kakwambia giaboksi imekufa, nawe humwamini, kwa hiyo Jumamosi utaipima gari yako ya Carina mwenyewe. Kutomwamini umefanya vyema. Kupima mwenyewe pia nakuruhusu, maana mkono wako ni mwepesi kuliko wa kaka zako. Ninachokikataa ni jeki. Gari ikiwa juu ya jeki peke yake usiweke hata kichwa chini yake.

Dalili ulizonitajia si za giaboksi. Mshale wa spidi unalala sufuri gari ikiwa mbioni, gia inachelewa kupanda halafu inaingia kwa kishindo, taa ya O/D OFF (ya kuonesha gia ya juu kabisa imefungwa) inawaka na kuzima, na ukipunguza mwendo kwenye matuta ya Jozani injini inazimika. Kompyuta ya gari imepoteza habari ya mwendo inayotoka kwenye sensa ya spidi, basi inabahatisha. Giaboksi mbovu hailazi mshale wa spidi.

Kabla hujashika spana tazama namba za kilomita. Zikiendelea kuhesabu na mshale umelala, ubaya uko kwenye mita ya dashibodi, mara nyingi risasi ya kulehemu iliyopasuka nyuma yake, sensa iache. Zikisimama nazo, angalia fyuzi iliyoandikwa GAUGE. Ikiwa imekatika utaona hata mshale wa mafuta na wa joto umelala.

Hiyo kodi ya kosa, P0500, aliyokuonesha fundi haisemi sensa imekufa. Inasema mapigo ya umeme ya sensa hayafiki. Kwenye Carina yako sensa hutoa mapigo manne kila shafti yake ikizunguka mara moja, yanapita kwanza kwenye dashibodi, ndipo yanakwenda kwenye kompyuta ya injini. Kwa hiyo ukikuta mshale unafanya kazi na kodi bado ipo, fuata waya kati ya dashibodi na kompyuta.

Kisha plagi ya sensa, juu ya giaboksi. Ichomoe uitazame kwa tochi. Huko unakohamia, Makunduchi, chumvi ya bahari haina huruma; ukiona unga wa kijani kwenye pini, sugua kwa mswaki wa zamani na dawa ya kusafishia umeme, usitie msasa. Ukikuta oili ndani ya plagi, sili ya sensa imekwisha na usafi hautakusaidia siku mbili. Vuta kila waya taratibu karibu na plagi, maana mwengine hukatika ndani na ganda likabaki zima.

Hapo ndipo utoe mita ya kupimia umeme. Fungua swichi, injini usiwashe. Nyaya za sensa ni tatu: moto, ethi (ya kurudisha umeme kwenye bodi) na ya mapigo. Usifuate rangi, pima. Kati ya moto na ethi upate volti 12 au karibu na hapo. Ukikosa, tatizo ni nyaya, na sensa mpya itakuwa pesa ya kutupa. Ukipata, rudisha plagi, chomeka ncha ya mita kwa nyuma kwenye waya wa mapigo, weka gia N (huru), na mtu azungushe tairi la mbele polepole kwa mkono. Volti zipande na kushuka, zipande na kushuka. Zikiganda pahala pamoja, ama sensa imekufa ama pinioni yake, ile gia ndogo inayoizungusha, haizunguki.

Sasa nisikilize. Nyanyua tairi MOJA la mbele tu. Ukinyanyua yote mawili, ukizungusha hili lile linarudi kinyume, difu, inayogawa mwendo kwa matairi mawili, haisogei, sensa haitoi kitu, nawe utaihukumu sensa nzima. Matairi ya nyuma weka vigingi mbele na nyuma, handibreki juu, stendi ya kushikilia gari chini ya chasisi, ndipo uilegeze jeki gari ikalie stendi. Utasema miaka yote uliniona mimi na matofali. Matofali ya mchanga hupasuka bila ya kupiga hodi. Si kila ulichokiona kwa babako ni cha kufuata, na ya Tibirinzi siyarudii, unayajua.

Kuitoa sensa ni bolti moja ya spana namba 10. Futa mchanga pembeni kwanza usije ukaingia giaboksini. Zungusha ile pinioni ya plastiki kwa kidole, tazama meno. Yakiwa yameliwa lakini sensa yenyewe ni nzima, badilisha pinioni peke yake, lakini hesabu meno ya zamani na ya mpya yawe sawa, vyenginevyo spidi itasema uongo. Oringi, ile pete ya mpira, weka mpya, ipake oili ya giaboksi, na bolti kaza kwa kiasi, ile nyumba ni aluminiamu. Mwisho futa kodi, uiendeshe mpaka Tunguu na kurudi, mchana.

Huyo fundi usigombane naye. Mwambie tu giaboksi haifunguliwi mpaka sensa ipimwe.

Mamako goti linamsumbua tena, lakini karafuu ziko majamvini na hataki kukaa kitako. Kaka yako aliahidi kuja kuezeka bati la jikoni tangu mwezi uliopita. Mpigie wewe, mimi hanisikii. Pengine nami nilimpigia kelele mno.

Stendi mbili nimezitia kwenye gunia, zitapanda meli kesho kutoka Mkoani. Zisipofika, Jumamosi usinyanyue gari, ngoja. Ndani ya gunia kuna na chupa ya samli ya mamako, nimeizungushia kanga yake ya zamani. Itoe mwanzo, zile stendi zina grisi. Gunia ulirudishe, mamako anataka kutilia makonyo ya karafuu.

Babako