Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vinasaba Vikioana, Kesi Haijaisha

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini, na orodha ya mafunzo mnayo mikononi. Nafasi yangu naitumia kwa swali ambalo familia za washtakiwa zimetuuliza mwaka mzima: ripoti ya vinasaba (DNA) ikishafika mahakamani, kuna la kujitetea tena?

Lipo. Nasema hivyo huku nikiuheshimu utaalamu huu. Mwanasayansi Alec Jeffreys aliigundua mbinu ya kumtambua mtu kwa vinasaba huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984, na katika kesi ya kwanza ya mauaji ilipotumika, ilimwokoa kijana wa miaka 17 aliyekwisha kukiri kosa ambalo hakulitenda. Baadaye ndipo akapatikana muuaji mwenyewe, Colin Pitchfork, aliyefungwa maisha mwaka 1988.

Tabu huanza vinasaba vya kwenye kielelezo vinapooana na vya mshtakiwa. Kuoana hutuambia chembe hizo yumkini ni za nani. Hakutuambii zilifikaje pale, wala lini. Huko Melbourne, Australia, kijana mwenye asili ya Somalia alitiwa hatiani kwa ubakaji mwaka 2008, na ushahidi dhidi yake ulikuwa vinasaba peke yake. Alijitetea kuwa usiku ule alikuwa nyumbani akimsomea Kurani baba yake mgonjwa. Hakuaminiwa. Alikaa gerezani zaidi ya mwaka kabla ya kubainika kuwa daktari aliyechukua sampuli ya mlalamikaji alikuwa, takriban siku moja kabla, amechukua palepale sampuli ya mwanamke mwingine yenye vinasaba vya kijana huyo. Mwezi Desemba 2009 hukumu ikafutwa. Jaji mstaafu Frank Vincent alichunguza, akaona yumkini kosa lenyewe halikutendwa na mtu yeyote. Maabara ilisoma sawasawa kile ilicholetewa. Uchafuzi ulikwisha kuingia.

Kwa hiyo, wasaidizi wenzangu wa kisheria, tukipokea jalada lenye ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali, tusikimbilie ukurasa wa mwisho. Tuulize nani alichukua sampuli, ilifungwa kwa lakiri lini, ililala wapi, nani alimkabidhi nani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, ilitaka mnyororo wa utunzaji wa vielelezo uonekane kwenye maandishi, tangu kielelezo kinapokamatwa hadi kinapotolewa mahakamani. Tena maoni ya mtaalamu hayamfungi hakimu.

Na hesabu nazo zisitutishe. Wasifu wa vinasaba, yaani mpangilio wa vinasaba vya mtu unaosomwa maabara, unaopatikana kwa mtu mmoja katika milioni haumaanishi kuwa uwezekano wa mshtakiwa kutokuwa na hatia ni mmoja katika milioni. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu zaidi ya milioni 5.3; kwa kadirio hilo, watu watano hivi wangeoana na wasifu huo.

Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mafunzo ya mwaka ujao yawe juu ya utunzaji wa vielelezo, na tuwaalike wapelelezi na wauguzi wanaochukua sampuli, tukae nao meza moja.